Kofia ya Pande Mbili

Juzi nilipanda kilima chetu cha Biryogo kwa miguu, mchana, jua likiwaka juu ya mabati, na mtu nisiyemwona alikuwa akipiga pasi ya mkaa nyuma ya ua. Unaijua harufu ile, rafiki yangu: mkaa, maji yaliyonyunyizwa juu ya pamba, na ukakasi kidogo wa mahali ambapo pasi imekaa mno. Nilisimama katikati ya njia. Pikipiki zikanipigia honi, na dereva mmoja akaniuliza kama nimeinunua barabara. Nilikuwa mtoto tena, nimekaa juu ya rundo la vitambaa barazani kwa bibi yangu, nang'oa nyuzi.

Baraza lenyewe halipo. Mahali pake wanatengeneza simu. Lakini miaka ile mtaa mzima ulikuwa kama baraza moja refu la mafundi cherehani, wajukuu wa wafanyabiashara waliokuja na misafara kutoka Tabora na Ujiji, na wengine pwani, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Cherehani zilianza kulia baada ya swala ya alfajiri na hazikunyamaza mpaka giza. Kila moja ilikuwa na sauti yake, na nikiwa kitandani niliweza kujua ni nani ameketi kazini na nani bado amelala. Ya bibi ilikuwa na kikohozi.

Bibi ndiye aliyenilea. Alijivunia Kiswahili chake, akasema kile cha mtaani kinatembea bila viatu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji bombani, kufagia vipande vya nguo, kupuliza mkaa wa pasi na kukaa karibu. Muuza mikate alipita na baiskeli yake, kikapu kimefunikwa kwa nailoni, akigonga kengele kabla hajafika ili tuweke chai jikoni. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye pengo la jino la mbele, na mkate wake ulikuwa na joto kiasi kwamba siagi iliyeyuka kabla kisu hakijamaliza kuipaka. Tulikula na chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, na jioni maharagwe na ndizi, na Ijumaa wali.

Alasiri alikuja mwalimu wangu. Mara ya kwanza alileta suruali ipunguzwe. Mara ya pili alikuja kuichukua. Baada ya hapo alikuja kunywa chai na kubishana na bibi, akikaa kwenye benchi la wateja, chaki bado imemkaa kwenye kucha. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo lililomfanya bibi amuone kama mtu mwenye adabu ya kigeni.

Walibishana kuhusu vyama.

Nilipozaliwa kulikuwa na chama kimoja, na kila mtu alikuwa ndani yake, hata mimi niliyekuwa nanyonya. Kisha vikaruhusiwa vingine. Vilikuwa vingi, lakini mtaani kwetu viwili ndivyo vilivyokuwa na vijana wenye fimbo: kile cha zamani, chenye kofia za buluu, na kipya kilichokuwa kikubwa kuliko vipya vyote, chenye kofia nyekundu. Nasema kofia kwa sababu tulivijua kwa kofia zao. Zilishonwa barazani kwetu. Bibi alikuwa na kipande cha boksi la sukari alichokikata kwa kipimo cha kichwa cha marehemu babu, na kwa kipande hicho hicho alikata kofia za buluu asubuhi na nyekundu mchana.

"Mwalimu," alimwambia, akiziweka mbili mapajani, "nionyeshe tofauti."

"Tofauti haiko kwenye kofia, Bibi. Iko ndani ya kichwa."

"Ndani sijawahi kushona."

Mwalimu alicheka. Alikuwa mwanachama wa chama kipya tangu siku kilipofungua ofisi, na alivaa nyekundu hata darasani, akiivua tu wakati wa sala ya asubuhi. Bibi hakukubali hata chembe. Alisema mkubwa wa chama kipya kwetu yeye bibi mwenyewe alimshonea suti mtu huyo alipokuwa mkubwa wa kile cha zamani, na kilichobadilika ni kiuno. Alisema nyimbo ni zile zile, na hilo hata sisi watoto tulilijua: vijana wekundu walichukua nyimbo za sifa zilizoimbwa tangu mama zetu wakiwa wasichana, wakatoa jina moja wakatia jingine. Ukisikia wimbo unakuja kutoka kona, hukujua nani anakuja mpaka uone vichwa.

"Sawa," mwalimu alisema siku moja. "Nyimbo ni zile, suti ni ile. Lakini sisi tumesema watoto wasisimamishwe darasani."

Kila mwanzo wa mwaka shuleni, mwalimu alitakiwa kuita: Wahutu wasimame, akahesabu. Watutsi wasimame, akahesabu. Waliosimama peke yao au na mwingine mmoja walijua wanavyotazamwa. Wapo waliosimama na kundi lisilo lao kwa kutojua, darasa likacheka, wakarudi nyumbani kuuliza wao ni nani. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mtutsi. Aliwahi kusimamishwa hivyo alipokuwa mdogo huko Gahanga, na sasa yeye ndiye aliyesimamisha. Nilimwona mwaka mmoja akiita neno la pili akitazama dirishani.

"Wakiingia serikalini," alisema, "sitaita tena."

Na waliingia, nusu nusu, wakagawana viti na wale wa zamani. Mkuu wa shule akawa mtu wa chama kipya. Mwaka ulipoanza, mwalimu aliingia darasani, akafungua kitabu, akasema tuanze na sehemu za ua. Tulikaa tukisubiri. Hatukusimamishwa. Alasiri ile alikuja barazani hajavua kofia, akaketi, akakunja miguu. Bibi akammiminia chai, akatia sukari kijiko cha ziada, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukubali kushindwa.

Haikudumu, maana ndipo ilipoingia kubohoza. Ni neno la Kinyarwanda, la kumfungua mtu kamba. Vijana wa chama kimoja walimkamata mtu wa chama kingine, wakamnyang'anya kofia, wakampiga mpaka akubali kwamba sasa yuko huru, wakamvalisha ya kwao, wakamwimbisha. Wiki iliyofuata wa upande wa pili walimfungua tena. Watu wazima walifunguliwa mpaka wakavunjika mbavu.

Bibi alipoona wateja wake wanarudi na macho yaliyovimba, alishona kofia ya pande mbili. Buluu nje, nyekundu ndani, mshono umefichwa kwenye ukingo, unaigeuza kwa kidole. Mtaa mzima uliagiza. Alizishona kwa furaha mbaya, akisema hii ndiyo katiba mpya.

Jirani yetu muuza nyama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivaa. Alikuwa mtu mnene na mwoga, na hakuuficha woga wake. Jumamosi moja alisikia wimbo unakuja kutoka kona, akabahatisha, akageuza kofia ikawa ya buluu. Waliotokea walikuwa wekundu.

"Mzee, wewe iko chama gani?"

"Chenu, wanangu."

"Yetu iko gani?"

Aliwatazama. "Ile inayoshinda," akasema.

Walicheka kweli kweli, wakiegemeana, kisha wakampiga. Wakamwambia aruke kichura mpaka chini ya mteremko, aproni yake ya damu ikimgonga magoti, na kila akianguka walimhesabia upya. Sisi watoto tulikimbia pembeni tukicheka mpaka mbavu zikauma. Aliporudi, yeye mwenyewe alicheka, akatema jino. Haikupita muda buluu wakamkamata nao, kwa kosa la kuruka kwa ajili ya wekundu, wakamrusha kichura kwenye mteremko ule ule.

"Hata adhabu ni moja," bibi alimwambia mwalimu. "Chama kilichoshindwa kubuni hata namna yake ya kutesa watu, Mwalimu, kitaweza kubuni nini kingine?"

Mwalimu aliona aibu. Alikwenda ofisini kwao akalalamika, na siku ya pili muuza mikate alisimamisha baiskeli mbele ya bucha. Ndiyo, alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu. Alivua kofia yake nyekundu, akampa muuza nyama mkate mzima, akasema, "Unisamehe, mzee. Mwalimu ametuambia sisi si kama wale."

Mwalimu akageuka kwa bibi, uso umemeremeta. "Umeona? Wetu wanaomba radhi."

"Mkate wenyewe wa jana," bibi akasema.

Lakini hata mimi niliona kwamba wa buluu hawakuleta hata wa juzi. Na tangu siku ile muuza mikate akawa mtu wa mwalimu. Alikuwa akiegesha baiskeli alasiri, akachuchumaa karibu na benchi, akaelezwa bunge ni nini, hakimu ni nini, kwa nini kiongozi asikae milele. Kwenye mkutano wao mkubwa alimbeba mwalimu mabegani ili aone jukwaa. Alirudi akituonyesha alama za viatu vya mwalimu kwenye shati lake, kama mtu anayeonyesha nishani.

Bibi alimshonea mwalimu kofia ya pande mbili mara tatu. Mara tatu aliikataa.

"Nikivaa hii," alisema, "nimekubali kwamba unasema kweli."

"Vaa, ukatae moyoni."

"Moyoni ndiko nilikokaa miaka yote, Bibi. Nimechoka kukaa huko."

Kisha chama kipya kikapasuka. Sisi tuliokuwa watoto tuliliona jambo hili kwa kelele tu: redio zilipandishwa sauti, watu wakasimama vikundi vikundi. Nusu moja ilibaki na maneno yake ya zamani. Nusu nyingine ilipanda jukwaa moja na wale wa buluu, wakashikana mikono juu, wakataja adui mmoja. Adui huyo hakuwa na rangi ya kofia. Alikuwa wale ambao shuleni walihesabiwa mara ya pili. Vijana wengi wa nyekundu waliifuata nusu hiyo, maana ndiko kulikokuwa na bia na mazoezi. Kubohoza kukaisha mtaani kwetu ghafla, na watu wakafurahi, wakasema amani imerudi. Muuza nyama alichinja mbuzi.

Hilo ndilo kosa letu, na lilikuwa la mtaa mzima. Kwa miaka tulijifunza kuogopa kofia. Tulijua kugeuza, kukisia, kuimba bila kutamka jina. Vijana wa rangi mbili walipoacha kupigana tulidhani hatari imepita.

"Ni ugomvi wa wakubwa," mwalimu alisema, lakini hakumaliza chai yake. "Vijana wetu hapa nawajua. Nimewafundisha mwenyewe."

"Na muuza mikate yuko nusu ipi?" bibi aliuliza.

"Sijamuuliza. Nikimuuliza nitakuwa namshuku."

Aprili ilipoingia na mauaji ya Watutsi kuanza, mvua ilikuwa ya masika hasa, ile inayoosha njia mpaka mawe yanabaki meno. Mwalimu aliingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi. Bibi hakumuuliza kitu. Alimpeleka chumba cha ndani, akavuta meza ya kukatia, akamlaza mwalimu kati ya meza na ukuta, akapanga majora ya kitambaa juu na mbele. Majirani walijua. Kwenye mtaa wetu wengi walikuwa na mtu nyuma ya mlango, na hakuna aliyesema. Muuza nyama, yule mwoga wetu, alipitisha supu juu ya ukuta kila siku, nusu ikimwagika.

Bibi aliendelea kushona barazani ili sauti ya cherehani isikosekane. Mimi nilikaa juu ya vitambaa vyangu. Kutoka hapo niliona mpaka njia panda ya chini, ambako wauaji walikuwa wameweka magogo ya kuzuia njia na meza ya kunywea.

Asubuhi moja, mvua imetulia, nilisikia kengele ya baiskeli. Nakuambia ukweli, moyo wangu ulifurahi. Mwili ulikumbuka mkate.

Alikuwa na wenzake wawili, wote wenye kofia nyekundu, safi, zimepigwa pasi. Alisimama kwenye ngazi, hakupanda barazani, adabu ile ile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Mwalimu iko ndani?"

"Mwalimu ana nyumba yake."

"Bibi, usiogope. Sisi iko watu yake. Chama imepata gari ya kutoa watu yetu, inangoja chini. Wengine wakikuja hapa hawatauliza hivi."

"Nimesema hayupo."

Basi akapaza sauti, lakini kwa upole, akielekeza mdomo kwenye mlango wa ndani. "Mwalimu, ni mimi. Wenzako tumekuja."

Bibi alikanyaga cherehani kwa nguvu. Nikasikia jora la kwanza likisogezwa, kisha la pili. Nataka kukuambia kwamba mwalimu alikuwa amechoka kulala chini, au alihofia bibi angeuawa kwa ajili yake, na huenda yote ni kweli. Lakini niliuona uso wake alipotokea mlangoni, vumbi la pamba kwenye nywele. Haukuwa uso wa mtu anayejitoa. Ulikuwa ule uso wa siku ya mkate.

Bibi aliinuka, akasimama kati yake na ngazi. Alikuwa mfupi, alimfikia kifuani.

"Mwalimu, hao ni wale wale."

"Bibi," akasema, akiinama kufunga kamba za viatu, "leo ndiyo utaona tofauti."

Aliniwekea mkono kichwani alipopita. Muuza mikate alimshikia tawi la mti lisimpige usoni, akamwongoza akisukuma baiskeli, wakiongea, na mara moja nilimwona mwalimu akicheka kwa jambo fulani. Gari halikuwepo. Chini njia panda walikuwepo watu wa kofia za buluu na wa kofia nyekundu, wamekaa meza moja, wanagawana chupa. Mwalimu alisimama alipowaona. Muuza mikate aliweka baiskeli kwenye stendi yake, taratibu, isianguke, kisha akamshika mkono kwa nyuma. Niliona mwalimu akitoa kadi ya chama, ile nyekundu, akaiinua juu. Mmoja wa wale wa buluu aliichukua, akaitazama, akamrudishia, akanyoosha mkono apewe ile nyingine, ya serikali, iliyoandikwa kabila.

Bibi alinigeuza uso, akaubana tumboni mwake. Kwa hiyo sikuona. Nilisikia, na nilichosikia nitakaa nacho mwenyewe.

Miaka mingi baadaye mtaa wetu uliitwa kwenye gacaca, baraza la wananchi la kusikiliza kesi za wakati ule. Tulikaa kwenye majani, bibi na mimi, kati ya watu tuliowajua na tuliojifanya hatuwajui. Muuza mikate aliletwa akiwa amevaa nguo za wafungwa za rangi ya waridi. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliungama kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza njia. Alisema hakumdanganya mwalimu kwa kila kitu: chama kilikuwa kimoja kweli, na alimheshimu. Mmoja wa waamuzi, mama aliyekuwa akiandika, akamuuliza wale waliokuwa naye njia panda walikuwa wa chama gani.

Alifikiri. Nadhani alitaka kusema ukweli.

"Siku ile hatukuulizana," akasema.

Mtu nyuma yetu alianza kulia. Nilimtazama bibi. Ubishi wa miaka yote ulikuwa umeamuliwa mbele ya mtaa mzima, na yeye ndiye aliyeshinda, na nilitaka kujua mtu anayeshinda hivyo ana sura gani. Hakuwa na sura yoyote. Alikuwa akisugua magoti. Akaniambia nimwinue, miguu imekufa ganzi.

Watu huniuliza ninachokikosa katika utoto wangu, wakitaka niseme mkate, au cherehani, au chai ile. Nazikosa. Lakini kilichotoweka kabisa, kisichouzwa tena popote, ni wale wawili barazani: mmoja haamini kitu, mwingine anaamini kupita kiasi, na hakuna anayetaka mwenzake aondoke. Sisi tuliobaki tumekuwa waangalifu mno. Tunakubaliana haraka.

Tulirudi nyumbani polepole siku ile, bibi ameniegemea. Tulipofika katikati ya mlima akaanza kuongea, kwanza nilidhani na mimi, kumbe na mwalimu. "Ungeniambia watu watatu si chama," alisema. "Ungeniambia wapo wenzako waliouawa asubuhi ile ile kwa kukataa kushikana mikono na wale. Kweli wapo. Ungeniuliza, hao nao ni wale wale, Bibi? Jibu." Alisimama kupumua. Alikuwa amechukua upande wa mwalimu, akautetea kwa kila alichokijua, hoja baada ya hoja, mpaka mlangoni kwetu, na alijitahidi sana yeye mwenyewe ashindwe.